Picha za Visiwa Zipate Makao Visiwani

Tarehe 5 Disemba, 2017, katika mji wa Hull nchini Uingereza, mwanamke mwenye umri wa miaka 63 alitangazwa kuwa mshindi wa Tuzo ya Turner, ambayo ni miongoni mwa tuzo mashuhuri kabisa za wasanii wa nchi ile. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, na ilikuwa ni katika mwaka huo huo ndipo ilipoondolewa kanuni iliyowazuia wasanii waliozidi umri wa miaka 50. Jina lake ni Lubaina Himid, na mahali alipozaliwa, katika mwaka 1954, ni hapa Unguja. Sisi wa visiwani tuliipokea habari hiyo kama tunavyozipokea habari nyingi njema za mbali: tukafurahi, kisha kila mmoja akarejea katika shughuli zake.

Leo tunataka kulirejea jambo hilo, si kwa nia ya kuongeza sifa juu ya sifa, bali kwa sababu ndani yake mna suala linalotuhusu sisi wenyewe na linalowahusu viongozi wetu. Wasanii wa zama hizi, katika nchi nyingi, wamejishughulisha mno na mambo matatu: nafasi anayopewa mtu katika jamii, mahali anapopaita kwao, na nafsi yake, yaani namna anavyojijua na namna wengine wanavyomjua. Visiwa vyetu, kwa historia yake ya bahari, biashara, utumwa, Mapinduzi na safari za watu kuja na kuondoka, vimo katikati kabisa ya mambo hayo matatu. Hata hivyo, kazi nyingi kubwa zilizotokana na visiwa hivi hazimo katika visiwa hivi. Mtoto wa Makunduchi au wa Wete husikia tu kwamba zipo.

Rai ya safu hii ni kwamba hali hiyo haifai kuendelea, na kwamba fursa ya kuirekebisha ipo mikononi mwetu. Kabla ya kueleza ni fursa gani, yafaa kwanza tuzitazame kazi zenyewe, ili isidhaniwe kuwa tunadai jambo la anasa.

Baba yake Bi Lubaina, aliyekuwa mwalimu mwenye asili ya Visiwa vya Komoro, alifariki kwa malaria mtoto akiwa bado mchanga wa miezi michache. Mama yake, Mwingereza mwenye kazi ya kubuni nakshi za vitambaa, alimchukua akarudi naye Uingereza. Mtoto huyo hakuiona tena Unguja mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990, akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 40. Alipotoka hapa alichora mfululizo wa picha alizozipa jina la kisiwa chenyewe, Zanzibar. Atakayetazamia kuona humo milango ya Mji Mkongwe, minazi na majahazi, hataviona. Picha hizo zina nakshi, mistari na rangi zinazokumbusha maji, na moja kati yake ina jina lenye maana ya kwamba machozi ya wanawake yanaijaza bahari.

Kwa nini mtu aliyerudi alipozaliwa asichore alichokiona? Hapana shaka ni kwa sababu alichokuwa akikitafuta hakikuwa kitu cha kuonekana kwa macho. Mahali hapa hakuwa na kumbukumbu napo; alichokuwa nacho ni huzuni ya mama yake na kaburi la baba asiyemjua. Picha hizo zinatuambia kwamba mtu anaweza kuwa wa mahali fulani bila ya kuwa na hata siku moja ya kupakumbuka, na kwamba uhusiano wa namna hiyo si uwongo, bali ni uhusiano wenye uchungu wake. Ni familia ngapi za Unguja na Pemba zenye watoto na wajukuu walioko Maskati, Dubai, London au Toronto, ambao hali yao ndiyo hiyo? Jambo linalozungumzwa katika picha hizo ni letu, tena liko ndani ya nyumba zetu.

Katika kazi nyingine nyingi msanii huyo ameitumia kanga. Amechora picha zenye pindo, zenye mapambo katikati na maneno chini yake, kama inavyopangwa kanga yenyewe. Hapa hatuna haja ya kufundishwa na mtu. Kila mwanamke wa visiwani anajua kwamba kanga ina pindo, ina mji na ina jina. Sehemu ya katikati tumeiita mji tangu zamani, na maneno yanayoandikwa chini yake ndiyo yanayosema kwa niaba ya aliyeivaa, akamjibu jirani, akamshukuru mume au akamwombea mtoto, bila ya kufungua kinywa. Mahali, mpaka wake na sauti ya mtu, vyote vimo katika doti moja inayouzwa dukani. Wataalamu wa sanaa wa nchi za nje wameandika kurasa nyingi kueleza namna Bi Lubaina alivyoutumia mpangilio huo. Sisi tulio na kanga kabatini bado hatujaihesabu kuwa ni sanaa ya kuwekwa mbele ya macho ya watu na kuelezwa.

Kazi yake nyingine ndiyo inayotugusa zaidi. Katika mwaka 2004, mjini Newcastle, alionyesha sanamu 100 za mbao bapa, kila moja ikiwa imekatwa na kupakwa rangi kwa kimo cha mtu. Watu hao 100 ni Waafrika waliopelekwa katika majumba ya wafalme na matajiri wa Ulaya wakafanywa watumishi na watumwa. Wamo wapiga ngoma, washona viatu, wafinyanzi, wachoraji wa ramani, waganga wa mitishamba na wengineo, wa kazi kumi mbalimbali. Mtazamaji hawatazami kwa mbali; hupita katikati yao kama anayepita sokoni. Nyuma ya kila mmoja pameandikwa jina lake la asili na jina alilobandikwa na bwana wake, kazi aliyokuwa akiifanya kwao na kazi aliyolazimishwa kuifanya ugenini, pamoja na kile kidogo alichobaki nacho cha kumpa matumaini. Kazi hiyo, iitwayo kwa Kiingereza Naming the Money, msanii ameitoa iwe mali ya makumbusho ya Liverpool, mji ambao bandari yake ilitajirika kwa biashara ya watumwa.

Sasa na tuitazame kazi iliyopo hapa petu juu ya jambo lilo hilo. Mkunazini, katika uwanja wa Kanisa la Kianglikana, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, pana sanamu za watu watano waliosimama ndani ya shimo, wakiwa na minyororo shingoni. Zilitengenezwa mwaka 1998 na msanii wa Sweden, Clara Sörnäs. Ni kazi nzito na yenye heshima, na wageni wengi wanaozuru Unguja hupelekwa kuiona. Hatuna neno baya la kuisema. Lakini mwenye kuzifikiri kazi hizi mbili pamoja ataona tofauti yake. Wale watano wa Mkunazini wanatuonyesha walichotendewa watu wale. Wale 100 wa Liverpool wanatuonyesha watu wale walikuwa nani.

Tofauti hiyo si ndogo kwetu. Wageni husimama juu ya lile shimo, wakasikitika, wakapiga picha, wakaondoka. Sisi tunabaki. Waliopita katika soko lile hawakusafirishwa wote. Wengi walibaki Unguja na Pemba, wakalima karafuu, wakajenga nyumba, wakaoa na kuolewa, na damu yao imo katika mitaa na vijiji vyetu vyote. Bali ni nadra kumsikia mtu akilisema jambo hilo hadharani, maana kwa muda mrefu asili ya mtu ilikuwa kipimo cha kumpandisha au kumshusha. Tunamjua sana aliyejenga majumba ya kifalme, wala hatulijui jina hata moja la mtu aliyebeba mawe yake. Msanii anayemrudishia mtu jina lake na ufundi wake anafanya kazi ambayo hotuba haiwezi kuifanya, kwa sababu anamfanya mtazamaji asimame uso kwa uso na binadamu mwenzake. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayohitajiwa na nchi ambayo watu wake wametoka pande nyingi na wanaishi pamoja katika eneo dogo.

Wala Bi Lubaina si peke yake. Mwaka 2021 Tuzo ya Nobel ya Fasihi ilikwenda kwa Bwana Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kuondoka akiwa kijana baada ya Mapinduzi ya 1964. Riwaya zake zinauliza hayo hayo: mtu aliyeondoka ni wa wapi, na mahali alipopaacha pana haki gani juu yake. Wakati ule wengi waliulizana, je, huyu ni wetu au si wetu? Baadaye likafanyika jambo lenye manufaa zaidi kuliko mabishano hayo. Riwaya yake iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 ilifasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Ilichukua miaka 28 kitabu hicho kuja kusomwa kwa lugha ya watu wanaozungumzwa ndani yake. Miaka hiyo ni mingi, lakini hatimaye kitabu kilifika. Kitabu hufasiriwa, kikachapwa, kikatiwa mkobani na kuvuka bahari. Picha haifasiriwi. Picha sharti ipatiwe ukuta, na ukuta huo sharti uwe wa jengo lililo wazi kwa watu wote.

Hata nje ya visiwa, katika Afrika ya Mashariki, wapo wasanii waliotembea njia hii. Zarina Bhimji, aliyezaliwa Mbarara, Uganda, mwaka 1963, ni mtoto wa familia ya Kihindi iliyoondoka nchini humo kufuatia amri ya Idi Amin ya mwaka 1972 ya kuwafukuza Waasia. Alipokuwa mtu mzima alirudi Uganda kupiga filamu aliyoionyesha mwaka 2002 katika maonyesho makubwa ya Kassel, Ujerumani. Katika filamu hiyo watu hawaonekani. Yanaonekana mashamba, kuta zenye mikwaruzo, vyumba vitupu na kiwanja cha ndege, na zinasikika sauti za watu walioondoka. Aliyewahi kupita mbele ya nyumba ya Mji Mkongwe ambayo wenyewe wamehama na dari limeporomoka, ataelewa mara moja maana ya kazi hiyo. Nyumba tupu nayo husema ni nani alikuwamo.

Hayo ndiyo wanayoyafanya walioko nje. Je, hapa nyumbani hali ikoje? Mtu akipita katika vichochoro vya Mji Mkongwe ataona picha nyingi zimetundikwa milangoni mwa maduka, rangi zikiwaka juani. Sehemu kubwa yake ni tembo, twiga, pundamilia, Mlima Kilimanjaro na morani wa Kimasai waliochorwa warefu na wembamba. Mtindo unaotawala ni ule ulioanzishwa na marehemu Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyeanza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuchora kwa rangi ya mafuta juu ya vipande vya mbao laini huko Dar es Salaam, akafariki mwaka 1972. Mtindo huo ni fahari ya Tanzania nzima, na vijana wanaouendeleza wanapata riziki ya halali. Hatuwalaumu hata kidogo. Mwenye watoto wa kulisha huchora kinachonunuliwa.

Lakini ni haki kuuliza: tembo na twiga wa Unguja wako wapi? Kimapunju wa Jozani, ambaye hapatikani porini popote duniani isipokuwa katika visiwa vyetu, huonekana kwa nadra kuliko simba ambaye hayupo. Wakulima wa mwani wa Paje, wachumaji wa karafuu wa Pemba, wazee wa barzani, vijana wa bao, wanawake wanaosuka ukili, hawa wamo kidogo sana. Maana yake ni kwamba msanii wa mjini anapaona mahali pake kwa jicho la mgeni, kwa sababu mgeni ndiye mnunuzi wa pekee. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja, na mwenyeji amepata fedha; ila mwenyeji hawezi kusema amepona sawasawa ikiwa kwa ajili ya fedha hizo ameacha kujichora mwenyewe.

Zaidi ya hayo, hata picha zinazoihusu Unguja zimeshikamana na upande mmoja tu wa mji. Mji Mkongwe, ulioingizwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia, umechorwa na kupigwa picha kwa kila namna. John da Silva, mchoraji mwenye asili ya Goa, alitumia miaka mingi kuchora majumba na milango yake kwa uangalifu mkubwa, na studio ya Capital Art, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, ilihifadhi sura za watu na mitaa yake. Ng'ambo, wanakoishi watu wengi zaidi, haikupata bahati hiyo. Jina lenyewe lilikuwa hukumu: ng'ambo ya wapi, na kwa macho ya nani? Yale majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, yana historia ya watu waliotolewa katika vibanda vya makuti wakapewa nyumba za ghorofa, na ya watu waliobomolewa nyumba zao ili majumba hayo yasimame. Kuna maudhui gani bora kuliko hayo kwa msanii anayetaka kusema juu ya mahali na nafsi ya mtu? Msanii huyo yupo. Anachokikosa ni mtu wa kumwambia kwamba kazi hiyo inatakiwa, na mahali pa kuionyesha akiisha kuimaliza.

Hapa sasa ndipo tunapofika kwenye fursa tuliyoitaja mwanzo. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa makumbusho yetu makubwa mpaka lilipofungwa baada ya sehemu yake kuanguka mwishoni mwa mwaka 2012. Tarehe 25 Disemba, 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu kubwa ya jumba pamoja na mnara wa saa iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu siku ile mazungumzo yetu yamekuwa juu ya mawe, chokaa, nguzo na gharama, na ni haki yawe hivyo, kwani roho za watu zilipotea. Lakini kulisimamisha jumba ni jambo moja, na kuamua kitakachowekwa ndani yake ni jambo jingine. Ikiwa vyumba vyote vitajazwa viti vya enzi, sahani za Kichina na picha za masultani peke yake, tutakuwa tumeitumia fedha nyingi kusema kwamba historia ya visiwa ilimalizika zamani na ilikuwa ya watu wachache.

Tunajua zipo hoja za kutupinga, na si vema kuzipuuza. Hoja ya kwanza ni ya umaskini: yako mashamba yasiyo na maji, ziko zahanati zisizo na dawa, vipi tuzungumze habari za picha? Jibu letu ni kwamba hatuombi jumba jipya. Majengo ya umma yapo, na mengine yanatengenezwa. Tunaomba chumba kimoja ndani ya jengo litakalotengenezwa kwa vyovyote vile, na sehemu ndogo ya viingilio vinavyolipwa na wageni. Tena utalii wenyewe, ambao ni nguzo ya uchumi wetu, unahitaji kitu cha kumfanya mgeni akae siku moja zaidi mjini badala ya kupelekwa moja kwa moja pwani kutoka kiwanja cha ndege.

Hoja ya pili ni ya wale wanaosema kwamba wasanii hawa si wetu, kwani waliondoka, na wengine wana uraia wa nchi nyingine. Kweli, Uingereza imekwisha kumhesabu Bi Lubaina kuwa ni wake, na mwaka 2025 ilitangazwa kwamba yeye ndiye aliyeteuliwa kuiwakilisha nchi hiyo katika maonyesho ya kimataifa ya Venice ya mwaka 2026. Hilo halituondolei chochote. Tanzania nayo ilishiriki kwa mara ya kwanza katika maonyesho hayo ya Venice mwaka 2024 ikiwa na banda lake. Uraia ni jambo la sheria na pasipoti. Kazi iliyotokana na kisiwa ni sehemu ya habari za kisiwa, awe aliyeifanya anaishi Preston au Kwahani. Na atakayesema kwamba aliyeondoka akiwa mchanga hana haki ya kupasemea mahali hapa, basi na atuambie ni kizazi kipi katika familia yake mwenyewe kilichofika hapa bila ya kutoka kwengine.

Hoja ya tatu ni ya dini, nayo inastahiki heshima. Wapo Waislamu wengi wasiopenda sanamu na picha za viumbe. Lakini atakayetazama atakuta kwamba utamaduni wa visiwa umelijibu jambo hili zamani, kwa nakshi za milango, maandishi ya khati, mapambo ya kanga, mikeka na kofia zilizodarizwa. Hizo zote ni sanaa za umbo na rangi zisizo na sura ya kiumbe. Na zile picha za Zanzibar tulizozieleza hapo juu, zenye nakshi na rangi za maji, ziko karibu mno na mkondo huo. Ukumbi wa umma unaweza kupangwa kwa busara, na mwenye kutaka kuona baadhi tu ya vitu ataviona hivyo.

Baada ya hayo, tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa wahusika. Kwanza, Wizara yenye dhamana ya mambo ya kale, kwa kushirikiana na Baraza la Sanaa, itenge katika makumbusho ya taifa chumba maalumu cha kazi za wasanii wa sasa wanaotokana na visiwa hivi, walioko ndani na walioko nje. Beit al-Ajaib ndipo mahali panapostahiki. Beit al-Amani ya mwaka 1925 nayo yaweza kufaa. Kwa ndugu zetu wa Pemba, makumbusho yaliyomo katika ngome ya kale ya Chake Chake yapewe sehemu kama hiyo, isiwe kila kitu ni cha mjini Unguja.

Pili, waandikiwe barua wasanii na makumbusho ya nje kuomba kazi kwa mkopo wa muda. Makumbusho hayo huwa na masharti juu ya joto, unyevunyevu, ulinzi na bima, na hewa yetu ya chumvi ni adui wa turubai na karatasi. Kwa hiyo isiwe haraka. Yafaa tuanze na vitu vinavyostahimili: filamu, sauti, vitambaa, na nakala bora za picha zilizotolewa kwa idhini ya wenyewe. Chumba kikiisha kuthibitika kuwa kinatunzwa, kazi zenyewe zitafuata. Barua haigharimu kitu, na msanii aliyelipa kazi yake jina la kisiwa hiki hatushindwi kumwuliza kama angependa kuiona hapa.

Tatu, maelezo yote yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, na lugha nyingine zifuate. Wakaazi waingie bure siku moja katika juma, na skuli zipangiwe zamu za kuja na walimu wao. Ni aibu kwamba wapo vijana waliomaliza skuli mwendo wa nusu saa kutoka Forodhani bila ya kuingia hata mara moja katika makumbusho yoyote.

Nne, kila mwaka itolewe kazi moja ya kulipwa kwa msanii wa hapa, ili achore, achonge au apige filamu juu ya mtaa mmoja au kijiji kimoja cha Unguja au Pemba: Michenzani mwaka huu, Nungwi mwaka ujao, kisha Konde, kisha Fumba. Masheha wamsaidie kuonana na wazee. Kazi hiyo ionyeshwe kwanza pale pale mtaani, katika skuli au katika uwanja, kabla ya kupelekwa mjini. Hivyo ndivyo mchoraji atakavyopata mnunuzi mwingine asiyekuwa mtalii, na wenye mtaa watakavyopata nafasi ya kusema kama wamejiona ndani yake au hawakujiona.

Kwa upande wetu sisi wananchi, tusingoje Serikali kwa kila jambo. Makabati yetu yana kanga za bibi zetu, na majina yaliyoandikwa juu yake ni kumbukumbu za ndoa, misiba na magomvi ya zama zao. Kuta zetu zina picha zilizopigwa studio kabla ya Mapinduzi na baada yake. Wachonga milango na washona kofia wapo, na wengi wao wataondoka duniani bila ya jina lao kuandikwa popote. Kijana mwenye daftari na kalamu anaweza kwenda kwa mzee mmoja akaandika ni nani alichonga mlango gani, na kwa ajili ya nani. Hiyo ni kazi ile ile aliyoifanya Bi Lubaina nyuma ya zile sanamu 100, na haihitaji tuzo wala fedha nyingi.

Wakubwa wenye mamlaka tunawaomba walitie jambo hili katika mipango yao sasa, wakati ramani za vyumba bado zinajadilika. Msamaria mwema wa nje aliyegharimia jengo hawezi kutuchagulia cha kuweka ndani yake. Hilo ni letu. Kwa miaka mingi watu wengine wamevieleza visiwa hivi kwa kalamu zao na kamera zao. Waliozaliwa hapa nao wameeleza, wakasikilizwa Hull, Liverpool na Stockholm. Imebaki wasikilizwe Chake Chake na Mkunazini.